Fundi Aliyehamisha Chungu

Habari ya chungu niliileta mimi. Sitamsingizia mtu. Tulikuwa kumi na wawili kwenye meza ndefu ya ofisi yetu Kinondoni, feni inazunguka kwa tabu, na asubuhi ile yote tuliimaliza kwenye swali moja: kaya ni nini? Mkuu wetu wa takwimu, mzee mpole mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, alipendekeza tuhesabu nyumba. Ukimkuta mgonjwa wa kifua kikuu ndani ya nyumba, basi wote wanaolala chini ya bati lile ni watu wake. Mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mbele za watu, kwa sababu mzee yule alikuwa mtu wa bara na mimi nimezaliwa Temeke.

"Samahani, mzee," nikasema. "Huku kwetu nyumba siyo kaya. Nyumba moja ina vyumba sita, kila chumba na watu wake. Huyu katoka Singida, yule Tanga, wengine hata salamu hawapeani. Kaya ni chungu. Wanaokula chungu kimoja, hao ndio kaya."

Wenzangu wakaitikia. Mmoja akainuka akaandika ubaoni kwa herufi kubwa, CHUNGU KIMOJA, na kabla ya chakula cha mchana maneno yangu yalikuwa yameingia kwenye mwongozo wa utafiti. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Nilimpigia mama simu kumweleza kwamba elimu yao kubwa yote imekuja kuokolewa na mtoto wa uswahilini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ziko dawa ambazo mtu anayeishi na mgonjwa wa kifua kikuu anaweza kumeza ili asije akaugua. Tulitaka kujua kama kuwapa watu wote wa kaya, wakubwa kwa wadogo, kunapunguza ugonjwa kuliko utaratibu wa kuwapa watoto wadogo tu na kuwaangalia wengine. Tungepiga kura: kaya hizi zimeze zote, kaya hizi zifuate utaratibu wa kawaida, halafu tungezifuatilia na kuhesabu wangapi wameugua kila upande.

Kura haikupigwa kwa mtu mmojammoja. Ugonjwa wa kuambukiza hauna adabu hiyo. Ukimpa mke dawa ukamnyima mume, nao wanalala kitanda kimoja, kinga ya mke inamfaa na mume, maana mke asipougua hana cha kumwambukiza. Mwisho wake unalinganisha watu ambao tayari wamekingana, na hujui dawa imefanya nini. Kinga huvuja kutoka kwa mtu hadi mtu, kama ugonjwa wenyewe unavyovuja. Ndiyo maana watu wanaovujiana huwekwa kundi moja, wakapigiwa kura moja. Haya niliyajua vizuri, niliyasomea, na niliwafundisha wadodosaji wetu kwa kujidai.

Siku ile mezani mzee aliniuliza swali moja tu. "Na korido je? Huko hakuvuji?"

"Kila mtu ana mlango wake, mzee," nikamjibu.

Akaridhika. Tena kaya zilikuwa nyingi kuliko nyumba, na kadiri unavyokuwa na vitu vingi vya kupigia kura ndivyo hesabu yako inavyopata nguvu. Kila mtu mezani alipenda hilo. Kwa ufupi, chungu kilitufaa sote.

Nyumba ninayotaka kuisema iko Manzese, nyuma ya mafundi wa milango ya chuma, mahali ambapo unamhoji mtu huku grinda inalia mpaka unasahau umeuliza nini. Mgonjwa alikuwa mchomeleaji. Alikaa chumba cha pili mkono wa kulia pamoja na mkewe, ambaye aliuza nyanya sokoni, na watoto wawili. Alikuwa amekwisha kuanza matibabu yake. Kura ilikuwa imewaangukia vizuri: kaya yao ilikuwa ya kumeza wote.

Chumba cha pili mkono wa kushoto, mlango kwa mlango, alikaa fundi cherehani. Mwanamke wa makamo, mwembamba, mtu wa Kondoa, hana mume wala mtoto pale, na futi ya kitambaa haikuwahi kutoka shingoni mwake. Chumba chake kilikuwa na giza, kwa hiyo cherehani aliiweka koridoni. Nilipokuwa nawaandikisha watu wa mchomeleaji alisimamisha miguu yake akasikiliza kila neno bila kujificha. Nilipomaliza akaniuliza.

"Na mie unaniandika wapi?"

Nilimsomea swali lililokuwa kwenye kishikwambi changu. "Una uhusiano gani na mgonjwa?"

"Jirani."

Kishikwambi kilinipa majibu ya kuchagua: mke, mume, mtoto, mzazi, ndugu, mfanyakazi wa ndani. Jirani hakuwamo.

"Unakula nao?"

"Nakula kwangu. Ila nashinda hapa kutwa nzima, sista. Kikohozi cha huyu baba nakijua kuliko mkewe. Mkewe yuko sokoni, mie ndo nipo."

Nilicheka, na mke wa mchomeleaji naye akacheka. Nikamwambia fundi kwamba kaya ni chungu, kwa hiyo yeye ni kaya nyingine, na kaya yake haina mgonjwa. Akianza kukohoa aende zahanati, atapimwa.

"Kwa hiyo nisubiri nikohoe?"

"Ndiyo utaratibu," nikasema, nikafunga begi.

Baada ya wiki mbili nilirudi kuhesabu vidonge. Ilikuwa mchana, mchomeleaji amepumzika ndani, na uani wamekaa mkewe, watoto na fundi, wamezunguka sinia moja la ugali na dagaa. Sufuria mbili zilikuwa juu ya jiko moja. Fundi alinyanyuka kabla sijasema hodi ya pili. Alikuwa ameshika mwiko, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

"Shemeji yangu huyu hapa, muulize mwenyewe," akasema akimwonyesha mke wa mchomeleaji. "Sasa tunapika pamoja. Chungu kimoja. Wiki ya pili hii."

"Kweli," mke wa mchomeleaji akasema. "Tumeunganisha. Tunaokoa na mkaa."

Nilikasirika. Sijui niiseme vipi hasira ile bila kujitia aibu, lakini nilihisi nimechezewa. Mimi niliyebuni kanuni, sasa fundi wa koridoni anaipindua kwa mwiko! Nikasema, tena mbele ya watoto:

"Orodha ilifungwa siku ya kura. Hata ukihamia kitandani kwao huingii."

Mke wa mchomeleaji akaangalia ugali. Fundi hakutukana. Alibaki ameshika mwiko wake, kisha akasema taratibu, "Mlisema chungu. Nimeleta chungu."

Kanuni ya kufunga orodha ni sahihi, na hata kesho nitaifundisha. Ukiwaruhusu watu wahamie kwenye kaya baada ya kura, watahamia wale wenye wasiwasi, wale walio karibu na ugonjwa, na kundi la dawa litajaa watu wasiofanana na wa kundi la pili. Mtu anahesabiwa pale kura ilipomkuta, basi. Hilo sijutii. Ninalolijutia ni kwamba mwanamke yule alikuwa ananieleza, kwa njia pekee niliyomwachia, kwamba mpaka nimeuchora mahali pasipo pake, na mimi nikamwona mdanganyifu.

Wala sikuwa na kisingizio cha kutojua. Nyumba niliyokulia Temeke ilikuwa na vyumba sita vilevile na korido ileile. Nilipokuwa darasa la pili tetekuwanga iliingia chumba cha mbele kwa mtoto wa mwalimu. Haikuuliza nani anakula wapi. Ilishuka na korido mlango baada ya mlango mpaka ikanifikia mimi chumba cha mwisho, na mama alinipaka ile dawa ya maji ya rangi ya waridi huku akimsimanga mama mwalimu ambaye hakuwahi kumpa hata chumvi. Makovu mawili ninayo mpaka leo, moja juu ya nyusi. Nilikuwa nayo pale mezani Kinondoni wakati nasema kila mtu ana mlango wake.

Ningeweza kumpigia mzee simu. Ningeweza kusema, mzee, tuangalie upya habari ya korido, hapa pana mtu. Miongozo hubadilishwa, niliwahi kuona ikibadilishwa kwa mambo madogo kuliko hilo. Hata bila kubadilisha chochote, ningeweza kumshika mkono fundi nikampeleka zahanati, si mbali, nikawaomba wamwangalie kama mtu anayeshinda na mgonjwa. Badala yake nilifungua sehemu ya maoni nikaandika: "Jirani anajaribu kuingia kwenye utafiti. Amekataliwa." Niliandika bila kosa hata moja.

Fundi hakurudisha sufuria yake chumbani. Nilidhani nimeshamkataa ataacha, kumbe mazoea yalikwisha kushika. Kila nilipokwenda niliwakuta pamoja, na mimi nilihesabu vidonge vya watatu, mke na watoto, nikamruka fundi. Wala hakuninunia. Alikuwa na mdomo wa utani, na siku moja alinitazama kuanzia juu hadi chini akasema, "Sista, hilo gauni kakushonea nani, adui yako?" Nilicheka mpaka nikakosea kuhesabu. Mwezi uliofuata nilimletea kitenge changu, cha bluu chenye ndege weupe.

Siku ya kujaribu nilikwenda Jumamosi, bila begi wala kishikwambi, kama mteja. Alinisimamisha koridoni, pini zimejaa mdomoni mwake, akawa anakaza kiunoni. Mara akageuka pembeni, akazitoa pini zote kiganjani, akakohoa. Akazirudisha. Akakaza bega. Akazitoa tena, akakohoa. Mara ya tatu hakuzirudisha mdomoni, alizichoma kwenye mto wake mdogo wa pini akaendelea kwa mkono mmoja.

"Vumbi la vitenge vipya," akasema.

Kuna maswali matano tunayomuuliza mtu anayekohoa. Umekohoa kwa muda gani, unatoa makohozi, una homa, unatokwa jasho usiku, umepungua uzito. Nilikuwa nayauliza kila siku ya kazi, nayajua kama ninavyojua jina langu. Nilisimama pale mikono juu, nikamwuliza kama mikono ya gauni haitanibana.

Niliporudi kulichukua, gauni lilinikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Nilizunguka mbele ya kioo chake kilichopasuka pembeni. Kisha nikamtazama yeye nikamwambia, "Na wewe umependeza, dada. Umepungua."

"Ahsante," akasema.

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake yaliyo na maana yoyote. Baada ya hapo ufuatiliaji wa nyumba zile ulikwisha, wadodosaji wakarudisha vishikwambi, na mimi nikajifungia ofisini na hesabu. Zilikuwa wiki za furaha, naomba nisifiche hilo. Kila nilipolinganisha makundi mawili, kwa njia hii na kwa njia ile, jibu lilikuwa lilelile: kaya zilizomeza wote zilikuwa na wagonjwa wapya wachache. Mzee alinipa mkono. Tulianza kuzungumzia siku ya kuwasilisha matokeo, hoteli ya Msasani, viongozi, chai na sambusa.

Ndipo mke wa mchomeleaji akanipigia simu. Sikujua hata kama namba yangu aliihifadhi.

"Dada wa vidonge? Fundi wetu katutoka jana."

Nikamuuliza alikuwa anaumwa nini. Nilijua, lakini niliuliza.

"Si ndo kifua hichohicho. Alikuwa anasema vumbi, vumbi. Kaenda zahanati keshaanza kutema damu, wakamlaza, hakumaliza hata wiki mbili. Sie wote wazima. Zile dawa zenu nzuri, dada, Mungu awabariki."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na sijawahi kusikia baraka iliyoniumiza kama ile.

Nilikwenda ofisini kwa mzee nikamweleza yote: chungu, mwiko, pini. Alinisikiliza, akavaa miwani yake, akafungua jedwali letu kubwa. Aliitafuta nyumba ile, akaipata. Ukimtoa mgonjwa, watu watatu, wote wamemeza, hakuna aliyeugua. Alama safi upande wa dawa.

"Yeye tumweke wapi?" nikauliza.

"Hakuna pa kumweka, mwanangu. Hakuwa kundi hili wala lile. Hakupigiwa kura."

"Tungehesabu nyumba angekuwemo."

Mzee hakusema "nilikwambia," ingawa alikuwa na haki ya kusema. Nikamuuliza kama dawa ingemwokoa. Akavua miwani. Akasema hatujui aliambukizwa lini, pengine kabla hatujafika kabisa, pengine mahali pengine, jiji lina vikohozi vingi. Akasema hesabu zetu zinazungumza juu ya watu wengi kwa pamoja, na ukiziuliza habari ya mtu mmoja zinanyamaza. Yote ni kweli. Ni mambo ninayowafundisha wengine. Aliyasema kunifariji, na mimi nilitamani anitukane.

Sikumweleza jambo moja, na nitaliandika hapa. Kuna uwezekano kwamba alivuta hewa ile mbaya kwenye wiki zile za mwanzo, alipoketi na sinia kwa mchomeleaji ili nimwandike. Mgonjwa alikuwa kwenye matibabu, uwezekano ni mdogo, ningemwambia hivyo mtu mwingine yeyote. Mimi mwenyewe nauzungusha kichwani tu, siwezi kuutoa.

Nilikwenda msibani siku ya kumsafirisha. Nilivaa gauni la ndege, nikajifunga khanga juu yake kwa sababu niliona haya. Turubai lilikuwa limefungwa mpaka kwa mafundi wa milango, na grinda zilikuwa kimya, jambo ambalo sikuwahi kulisikia mtaa ule. Uani wanawake wa vyumba vyote sita walikuwa wamezunguka sufuria moja kubwa ya msiba, mtu wa Singida na mtu wa Tanga, wale niliosema hawapeani salamu. Mama mwenye nyumba, bibi wa Kiarabu mwenye sauti nzito, ndiye aliyekuwa anapakua. Nikampa shikamoo. Aliitikia, akanitazama.

"We nani wake?"

Mke, mume, mtoto, mzazi, ndugu, mfanyakazi wa ndani. Nilizipitia zote kichwani, hakika nilizipitia, na sikuwamo.

"Alinishonea gauni," nikasema.

"Basi wetu huyo," bibi akasema, akanijazia sahani bila kuniuliza nimetoka wapi. "Pita ndani ukae, mwanangu, huku jua."

Uani kulijaa, majamvi yalijaa. Nilirudi na sahani yangu koridoni, na mahali palipobaki ni pale tu, kigoda chake nyuma ya cherehani. Walikuwa wameifunika na shuka. Nikakaa. Mgongo wangu ukagusa pazia la mchomeleaji. Yeye mwenyewe alikuwa amejilaza ndani na nilimsikia vizuri, akivuta pumzi, akijigeuza, kitanda kikilia. Kutoka kwenye kigoda hadi mto aliolalia hapafiki hatua mbili. Nilikuwa nimekwenda nyumba ile mara tisa, nikapima kila kitu kilichotakiwa kupimwa, na sikuwahi kukaa pale.